Mayai Yasiyo na Kichwa

Nilikuwa nimeshika mwiko, nakoroga uji wa kulisha nzi, Daktari aliposema lile neno. Hakuniambia mimi. Alimwambia mkuu wa maabara, kwa Kiingereza, wawili hao wamesimama hatua tatu nyuma yangu kana kwamba mimi ni sehemu ya jiko. Alisema yule mama wa uji ndiye aliyechanganya vibandiko, ni uzembe tu, ameshaandika hivyo kwenye ripoti, na kwani mkataba wake si unaisha mwisho wa mwezi?

Mimi nilimaliza kidato cha nne. Kiingereza sikufeli. Nilisikia kila kitu.

Nilizima gesi, nikageuka. Kitabu chake cha kazi, kile chenye jalada gumu jeusi asichotaka mtu akiguse, kilikuwa wazi mezani. Nikaweka mwiko katikati ya zile kurasa mbili, uji bado unatoa mvuke, nikaukandamiza kidogo ili ushike vizuri.

"Wee! Mama, una wazimu?"

"Huyo mama wa uji ndiye alikuonyesha kosa juzi Jumanne," nikamwambia. "Mwambie mkuu. Mwambie sasa hivi, kwa Kiingereza hicho hicho."

Yeye alikuwa anafuta wino kwa kitambaa, na kila akifuta wino unazidi kutambaa. Mkuu alitazama kitabu, akanitazama mimi, akasema niende nyumbani nikapumzike kwanza. Nikajaribu kuvua aproni, fundo la mgongoni likakataa kufunguka. Nikatoka nayo hivyo hivyo mpaka getini, askari akaniuliza kama jikoni kumeungua.

Wacha nieleze mambo yalivyofika hapo. Nasema mapema kwamba kuna mahali hata mimi hupotea.

Chuo chenyewe kiko juu ya kilima upande wa Kapkatet, majani chai yamekizunguka pande tatu. Huku kwetu mvua inanyesha karibu kila alasiri na baridi yake inaingia mpaka kwenye meno. Lakini chumba cha nzi kina hita mbili na kipimajoto ukutani, kwa sababu nzi wa matunda hawataki baridi ya Kericho, wanataka joto la Kisumu. Siku ya kwanza nilipoingia humo nikasema, haki ya Mungu, nzi wanaishi vizuri kuniliko. Mume wangu yuko Kedowa, anauza viazi kando ya barabara na anakuja Jumamosi. Msichana wangu alikuwa na miezi minane, namwacha kwa mama mkwe. Niliajiriwa kuosha vichupa na kupika.

Uji wao ni unga wa mahindi, sukari, hamira, na unga mwingine mweupe wa kugandisha. Unakoroga mpaka mkono ufe ganzi, unamimina kwenye vichupa, ukipoa unashika kama ugali laini. Nzi wanataga juu yake, funza wanachimba ndani, na kila wiki mbili unahamisha wakubwa kwenye kichupa kipya na kuziba na pamba. Watoto wangapi wa shule wanakula vizuri hivyo, sijui.

Mwenye nzi alikuwa mwanafunzi wa uzamifu, kijana aliyelelewa Nairobi, mpole, mwenye spika ndogo masikioni kutwa nzima. Hajamaliza masomo lakini tulimwita Daktari, na yeye hakukataa. Alikuwa anachunguza jinsi jeni zinavyofanya kazi wakati yai la nzi linapojengwa ndani ya mama yake. Nilimuuliza mara moja kwa nini mtu mzima atake kujua hiyo. Akanikalisha kwenye stuli, akanipa hadubini, akatoa mfuko wa mayai wa nzi mmoja kwa sindano mbili. Ulikuwa umepakwa rangi, na mahali jeni inapofanya kazi palikuwa pamegeuka buluu.

"Unaona hizo seli?" akaniuliza. "Zilianza moja, ikagawanyika, zikawa kumi na sita. Zote ndugu. Moja inakuwa yai. Kumi na tano zinakuwa yaya."

"Yaya wa nini?"

"Wa kulisha hilo yai. Jeni zinafanya kazi ndani ya yaya, zinatoa ujumbe, ujumbe unapita kwenye vijitundu mpaka kwenye yai. Mwisho yaya wanajikamua kila kitu, wanakufa. Yai linabaki."

Nilitazama ile buluu muda mrefu. Siku hiyo titi lilikuwa limejaa na lilikuwa linaniuma, na mtoto alikuwa mbali. Nikauliza, "Na yai lenyewe, jeni zake zinafanya nini wakati huo?"

"Zimelala. Hata baada ya kutagwa, saa mbili hivi za kwanza, kazi karibu yote ni ya ule ujumbe mama aliweka. Kichwa kiwe wapi, mkia uwe wapi, hiyo ni mama amepanga tayari."

"Na baba?"

"Baba jeni zake zinangoja zamu."

Nilipoeleza hayo nyumbani, mama mkwe aliweka sufuria chini. Huyo mwanamke hacheki ovyo, lakini alicheka. "Basi hao nzi hawana ukoo," akasema. "Baba anangoja zamu kama mtu wa kinyozi?" Kisha akachukua mtoto, akamtazama paji la uso, na kusema huyu ni wa kwao, hata nzi waseme nini. Kwao ndivyo ilivyo, na kwetu pia, maana sisi wote ni Kipsigis. Msichana wangu alipozaliwa, wamama wazee walikaa nami chumbani wakaita majina ya marehemu wa upande wa baba, mmoja baada ya mwingine, na ugoro kidogo karibu na pua, mpaka mtoto akapiga chafya kwa jina moja. Huyo ndiye aliyerudi. Mimi nilikuwa nimelala pale pale, nyonga zimeachana, na hakuna jina hata moja la upande wangu lililoitwa. Sikuona ajabu. Mtoto anaanza na baba, hivyo ndivyo nilivyokua nikijua, na hivyo ndivyo mtu anaulizwa hata hospitalini.

Sasa kuna jambo moja ambalo ndilo lilinichanganya kabisa, na bado linanichanganya. Daktari alikuwa na aina mbili za nzi. Wazima tuliwaita Z. Wengine tuliwaita K, yaani wenye kasoro, kwa sababu ile jeni ya kupanga kichwa kwao imeharibika, nakala zote mbili. Jike wa K ukimwona huwezi kujua. Anaruka, anakula uji wangu, anapandwa, anataga. Lakini mayai yake yote, yote, yanashindwa kutengeneza kichwa, na yanakufa kabla ya kutoka.

"Na yeye mwenyewe alipata wapi kichwa?" nikauliza.

"Mama yake alikuwa na nakala moja nzuri. Akamwekea ujumbe."

"Kwa hivyo kichwa alicho nacho si chake. Ni cha mama yake."

"Tuseme hivyo."

"Na ukimpa mume mzima?"

"Haisaidii. Mayai yanakufa tu."

"Na dume wa K ukimpa mke mzima?"

"Wanaishi wote. Kwa sababu mama ni mzima."

Nilirudia hayo nikitembea nyumbani kati ya majani chai, nikayapoteza kwenye kona, nikaanza upya. Mtu anabeba kosa lisilomgusa yeye, linagusa watoto wake, na hajui. Nilimtazama msichana wangu siku hizo nikijiuliza mimi niliwekewa nini na mama yangu na nikamwekea huyu nini. Daktari aliniambia niache, binadamu hawapangi kichwa namna hiyo. Sawa. Lakini ukishaambiwa kitu huwezi kujifanya hukukisikia.

Baada ya miezi michache aliniongezea kazi. Mkono wangu umetulia, alisema. Akanifundisha kulaza nzi kwenye barafu na kuwachagua kwa brashi ya rangi: jike ana tumbo nene lenye mistari, dume ana mkia mweusi na ni mdogo. Kila asubuhi nilitenga majike waliotoka usiku huo kabla hawajaguswa na dume yeyote. Yule mama anayeosha sakafu alikuwa akisimama mlangoni na ndoo ya maji moto inayotoa mvuke.

"Leo umepata mabikira wangapi?"

"Thelathini."

"Wahesabu vizuri. Huku nje wameisha."

Kisha nikaanza kuwaozesha mwenyewe. Unaweka majike wa aina hii na madume wa aina ile kwenye kikombe chenye matundu, chini unaweka kisahani cha juisi ya zabibu iliyogandishwa na hamira kidogo, wanataga hapo, kesho yake unaangalia mayai mangapi yametoa funza. Juu ya kikombe unabandika karatasi: wazazi wawili, na alama ya msalaba katikati.

Siku ya kwanza nilimuuliza, "Hapa naandika aje?"

Alikuwa na spika masikioni. Akatoa moja. "Andika wazazi wawili."

"Nani kwanza?"

"Kawaida tu." Akairudisha.

Nami nikaandika kawaida. Baba kwanza. Dume wa Z akiwa na jike wa K, nikaandika Z, msalaba, K. Sikufikiria mara mbili. Ungeniamsha usingizini ningeandika hivyo.

Wiki tatu baadaye alitoka kwenye chumba cha nzi mbio. Alinunua soda na mandazi kwa watu wote, hata askari. Mayai ya mama mzima na baba mwenye kasoro yalikuwa yanakufa! Vikombe kadhaa, vyote vimekufa. Alisema hakuna mtu aliyewahi kuona hivyo, labda baba pia ana ujumbe wake anaoleta, labda kila kitu kilichoandikwa lazima kiangaliwe upya. Akampigia simu profesa wake, mama mmoja mkali aliye kwenye chuo kikubwa, wakazungumza kwa video huku ameshika kikombe changu mbele ya kamera. Mimi nilikunywa soda yangu. Nilifurahi pia, siwezi kusema uongo. Nilimwambia mama mkwe kwamba baba amepata zamu yake, akasema alijua.

Halafu ikavurugika. Profesa alisema arudie. Wikendi mimi sikuwepo, akaozesha mwenyewe, na mayai yenye kibandiko kile kile yakaishi. Jumatatu nikaozesha mimi, yakafa. Jumamosi yeye, yakaishi. Kibandiko kimoja, nzi wale wale, na majibu mawili. Alikonda. Aliacha kusikiza muziki. Akaanza kushuku vitu: hita, stima kupotea, dawa inayopuliziwa mashambani. Kisha akashuku uji. Alimwaga sufuria nzima mbele yangu, akaniambia nibadilishe posho mil ninakosaga unga. Nikabadilisha. Akaniuliza kama nina losheni mikononi. Akaniuliza kama nanyonyesha na kama nanawa. Nilikuwa nimechanganyikiwa kuliko yeye, nikaanza kuamini kwamba labda ni mimi kweli, labda mikono yangu ina kitu kinachoua mayai. Nilirudi nyumbani nikaogopa kumshika mtoto. Hiyo simsamehei.

Jumanne ile alikuwa na haraka, tukaozesha pamoja, bega kwa bega. Nikaona anamimina majike wa K kwenye kikombe, anaongeza madume wa Z. Akachukua kalamu. Akaandika K kwanza.

"Mbona unaanza na mama?" nikauliza.

"Si ndivyo inaandikwa? Jike kwanza. Dunia nzima."

"Mimi huanza na baba."

Kalamu yake ilibaki hewani. "Tangu lini?"

"Tangu uniambie kawaida tu."

Aliketi kwenye stuli. Alivuta kile kitabu cheusi, akafungua nyuma, mbele, nyuma. Kila kikombe changu alikuwa amekisoma kichwa chini miguu juu. Mama ambaye Daktari alidhani ni mzima alikuwa mama wa K, na mayai ya mama wa K hufa, kama alivyoniambia mwenyewe mwezi wa kwanza. Hapakuwa na ujumbe wa baba. Hapakuwa na jambo jipya. Kulikuwa na mimi na yeye na kalamu mbili.

Alicheka kwanza, halafu akashika kichwa. "Mama, umeniokoa," akasema. "Ningepeleka hii kwa mkutano. Asante sana. Kongoi." Hata Kipsigis akajaribu. Na mimi nikaenda nyumbani siku hiyo na mgongo umenyooka, mikono yangu ni mikono tu, nikamshika mtoto mpaka akanisukuma.

Ijumaa ndipo nikasikia ile habari ya uzembe.

Najua alikuwa na aibu. Alikuwa ameshamwambia profesa kwa video, ameshanunua soda. Ilibidi aseme kitu. Angeweza kusema, hatukuelewana. Angeweza kusema, sikumfundisha. Akaona rahisi kumtwika lawama mtu anayeondoka mwisho wa mwezi. Na hapa ndipo nashindwa kumwelewa, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alinipa stuli yake, alinionyesha ile buluu.

Jumatatu nilienda ofisi ya mkuu wa chuo, aproni nimeifua na kuikunja kwenye mfuko wa plastiki niirudishe. Karani alinisikiliza akiwa anapiga chapa.

"Malalamiko ya watu wa mkataba hupitia kwa mkuu wa maabara," akasema.

"Huyo ndiye alikuwa amesimama pale."

"Ndio utaratibu, madam."

"Na kama nalalamikia utaratibu?"

Aliacha kupiga chapa. Akaniambia kwa sauti ya chini niandike barua, nakala mbili, nisitaje jina la mtu, na nisiweke hasira. Nilikaa kwa mama mkwe mchana mzima na karatasi za fulskepu. Nilichana tatu. Mama mkwe alinisomea begani, akaniambia niweke hasira kidogo, barua isiyo na chumvi haisomwi. Nilimuuliza kama kuandika baba kwanza lilikuwa kosa. Akafikiri. Akasema hajui nzi wanataka nini, lakini mtu akiuliza swali mara mbili na asijibiwe, kosa si lake. Nikamwambia niliuliza mara moja na nusu. Akasema hiyo inatosha.

Hii ndiyo barua. Nakala moja imepigwa muhuri wa kupokelewa, niko nayo.

*Kwa Mkuu wa Chuo,*

*MINTARAFU: MALALAMIKO KUHUSU NENO "UZEMBE" KATIKA RIPOTI YA CHUMBA CHA NZI*

*Mimi ni mhudumu wa mkataba katika chumba cha nzi. Napika chakula cha nzi, naosha vyombo, na kwa miezi ya karibuni nimekuwa nikiozesha nzi kwa ajili ya utafiti wa mayai, kazi ambayo haimo katika mkataba wangu na ambayo sikukataa.*

*Ni kweli kwamba vibandiko vya vikombe hivyo niliandika mimi. Ni kweli niliandika dume kwanza na jike baadaye, na kwamba watafiti huandika jike kwanza. Sikujua. Niliuliza nani aandikwe kwanza nikajibiwa niandike kawaida. Kwetu kawaida ni baba. Sikuonyeshwa mfano hata mmoja, na hakuna karatasi ya maagizo ukutani. Niliandika namna moja kila siku bila kubadilisha, kwa hiyo hakuna kikombe kilichochanganywa, na kila kimoja kinaweza kusomwa upya leo hii kwa kugeuza. Nimejitolea kukaa na kitabu na kufanya hivyo.*

*Kosa hilo niliona mimi na nikasema mimi, siku ya Jumanne, kabla mtu mwingine yeyote. Ripoti haisemi hivyo. Inasema uzembe. Mtu mzembe hatengi majike kila asubuhi kwa miezi bila kupoteza hata kichupa kimoja cha nzi wa mbegu.*

*Naomba neno hilo liondolewe kwenye ripoti na kwenye faili langu, na iandikwe ni nani aliyegundua. Naomba mkataba wangu uamuliwe kwa kazi yangu na si kwa ripoti hiyo. Naomba anayekuja kufanya kazi hiyo, niwe mimi au mwingine, apewe maagizo kwa maandishi.*

*Kuhusu mwiko na kitabu, nilifanya hivyo na nitakilipia kitabu. Uji haukuwa na sumu.*

*Kuna mambo mengi ya utafiti huo ambayo sielewi, na nimekuwa nikiuliza tangu siku ya kwanza. Kutoelewa si uzembe. Nasubiri jibu kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho ya mkataba wangu.*

*Mlalamishi,*
*Mhudumu, Chumba cha Nzi*